Injini Iliyorudi Kutoka Karashani

Kwa miaka tisa pikapu ya baba ilikaa uani kwetu Kharumwa bila injini. Ilisimama juu ya mawe manne, boneti imefungwa kwa waya, na kuku walitaga mahali ambapo injini ilitakiwa kuwa. Mgeni akiuliza gari limeharibika nini, baba alijibu, "Halijaharibika. Injini imeenda kazini."

Alisema kweli. Injini ilikuwa kilomita sita kutoka pale, mwaloni, mahali pa kusagia na kuoshea mawe ya dhahabu. Ilikuwa imefungwa kwa bolti juu ya magogo, inazungusha karasha, ile mashine inayoponda mawe. Huku kwetu hilo halimshangazi mtu. Ukipita machimboni utakuta injini za mabasi, za matrekta, hata za magari ya mapadre, zote zimesimama mahali pamoja na zinanguruma kutwa bila kwenda popote. Baba alisema gari linakula mafuta likienda na likirudi, lakini injini iliyo karashani inakula mafuta na kuleta unga wa ugali. Tulipokuwa wadogo tulipeleka chakula kule mchana, na mdogo wangu anayenifuata aliamini kabisa kwamba injini ni mfanyakazi kama baba, kwamba nayo ina zamu na ina mapumziko.

Mama alifariki kitinda mimba wetu akiwa na miaka miwili. Nilikuwa kidato cha pili. Hakuna aliyeniambia niache shule. Mtoto alihitaji mgongo wa kubebwa, na mgongo uliokuwepo ulikuwa wangu. Miaka mitatu baadaye kifua kikamchukua baba. Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao pale uani, viti vimezunguka pikapu, na mimi nikasimama karibu na mlango nikiwa na sufuria ya chai mkononi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, anayenifuata alikuwa na kumi na tatu, na kitinda mimba alikuwa na mitano.

Baba mkubwa akasema wasichana watatu hawawezi kukaa peke yao jirani na machimbo. Nikasema wawili tunaweza. Sijui nilipata wapi sauti ile. Walinitazama, wakatazamana, na mwisho wakakubaliana nusu: sisi wakubwa tutabaki kwenye nyumba ya baba, na kitinda mimba atachukuliwa na mama mdogo, mdogo wake mama, aliyekuwa akiishi Songwa na mumewe mlinzi.

Nilimfungia nguo zake mwenyewe. Stendi, mlangoni mwa basi, mama mdogo aliniona macho yangu yamejaa akanishika bega.

"Usilie mbele yake," aliniambia. "Nami sijamnyang'anya mtu. Siku mkija kumchukua kwa gari ya baba yenu, bila kuvutwa na mtu, nitajua pale nyumbani kuna mwenye nyumba."

Nadhani alisema ili aseme neno tu. Mimi nililichukua lilivyo.

Nikaenda kupika mwaloni. Nilichagua kibanda kilichokuwa karibu na injini ya baba, na kila nilipokoroga ugali wa wachimbaji nilikuwa naisikia. Fundi wa mashine zote pale alikuwa mzee mmoja wa Kigoma, Mwislamu, mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani. Alikuwa rafiki wa baba. Aliniruhusu kushika spana baada ya sahani za mchana kuoshwa, na kanuni yake ilikuwa ile ile ya baba: badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha ndiyo uguse cha pili. "Ukibadilisha viwili kwa pamoja," alisema, "gari ikipona hujui imepona kwa nini. Na ugonjwa ukirudi utaanza upya kama mjinga."

Miaka miwili na ushee ikapita hivyo. Kisha mawe yenye dhahabu yakaisha kwenye mashimo yetu, na habari zikaja kwamba kuna rashi, dhahabu mpya imelipuka, upande wa Ushirombo. Rashi ikitokea, watu wanahama kama wamefukuzwa. Ndani ya wiki moja mwalo ulibaki na mbwa na maturubai yaliyochanika. Mzee fundi alikuja kibandani na begi lake tayari begani.

"Binti, injini ya baba yako imemaliza mkataba. Itoe hapa kabla hawajaitoa wengine."

Tuliirudisha nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe, nimekaa ubavuni mwake nimeishika kama mgonjwa.

Siku tatu niliiosha kwa dizeli na brashi. Karasha huifanya injini iwe kitu kingine. Inazoea mwendo mmoja asubuhi hadi jioni, haina feni wala rejeta, maji ya kupozea yanatoka kwenye pipa na kurudi kwenye pipa. Ile ya baba ilikuwa imejaa viraka vya mwaloni: waya wa kushikilia mafuta yasipungue, vipande vya mpira wa tairi, kizibo cha mti kilichopigwa kwenye mdomo mmoja wa bomba, kamba za katani. Nilivitoa vyote. Nilitaka irudi kama nilivyoiona siku baba anaitoa kwenye gari, nikiwa na miaka kumi na mbili, nimemshikia tochi. Niliikumbuka siku ile bolti kwa bolti, na sasa niliirudia kinyumenyume.

Vitu ambavyo havikuwepo tulivitafuta. Rejeta ilitoka kwenye basi dogo lililopinduka, feni ilitoka kwenye injini ya mashine ya kusaga unga, mipira ya maji tuliikata kutoka magari matatu tofauti. Mchomeleaji wa mjini alitutengenezea vishikio, kwa sababu rejeta ya basi haikutaka kukaa kwenye pua ya pikapu. Mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha tatu na mwenye maneno mengi, aliitazama siku imekamilika akasema, "Dada, hii si gari ya baba tena. Hii ni harusi. Kila ukoo umeleta mtu."

Jumamosi moja asubuhi niliwasha. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, kuku wakatawanyika, kisha ikashika. Mlio ulikuwa ule ule wa utotoni, kabla ya karasha, mlio uliokuwa ukitangulia kufika nyumbani kabla ya baba. Mdogo wangu aliziba mdomo kwa mikono miwili. Majirani wakaja kusimama kwenye uzio. Mama mmoja mzee akashukuru tu kwa Kisukuma, "Wabeja," kama mtu anayepokea kitu mkononi, akarudi kwake.

Hivyo ndivyo ninavyopenda kuikumbuka. Lakini ilipofika barabarani ilichemsha.

Uani ingeweza kunguruma saa nzima bila shida. Ukiitoa barabarani, baada ya kilomita kumi na tatu au kumi na nne, mshale wa joto ulianza kupanda, polepole, kisha mbio, na mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Tukingoja ipoe na kuongeza maji, ilikwenda kilomita tano, ikachemsha tena. Kutoka Kharumwa hadi Songwa, kupitia Kahama na Shinyanga, ni safari ya kutwa.

Mwezi wa kumi na moja mama mdogo alipiga simu. Mumewe alikuwa anastaafu na wangehamia kwao Songea mwanzoni mwa mwezi wa kwanza. Alizungumza haraka, kama mtu aliyejiandaa. "Mtoto tunakwenda naye. Nimeshaulizia shule huko. Ni mbali, najua. Mkipata nafasi mtakuja kumwona."

"Tutakuja kumchukua kabla," nikasema.

"Mtakuja kwa usafiri gani?"

"Kwa gari ya baba."

Nikasikia redio ya kwake ikiimba nyuma yake. "Mwanangu," akasema, "gari ile ilikuwa banda la kuku."

"Kuku wamehama, mama mdogo."

Kwa hiyo katikati ya mwezi wa kumi na mbili, bila kuwa tumepata dawa ya ule ugonjwa, tulijaribu safari. Nilijidanganya kwamba tukiondoka mapema kukiwa na ubaridi tutafika hata kwa kupumzika pumzika. Mara ya tatu ilipochemsha ikazima na kukataa kuwaka. Mvua zilikuwa zimeanza, watu walikuwa mashambani wanalima, na aliyetukuta alikuwa baba mmoja na maksai wake wanne waliotoka kuvuta plau.

"Mwadila," alitusalimu. Akaizunguka pikapu mara mbili, mikono nyuma. "Hawa ng'ombe wangu hawajawahi kuvuta kitu chenye usukani."

"Utatusaidia mpaka Kharumwa, baba? Tutakupa ya soda."

"Soda ya nini? Nitawavuta, lakini usukani nashika mimi. Wewe utatangulia na ng'ombe."

Ndivyo tulivyorudi. Mimi mbele, fimbo mkononi, nikiwaongoza maksai wanne. Nyuma yao mnyororo, na nyuma ya mnyororo yule baba amekaa kwenye kiti cha baba yangu, kiwiko dirishani, anawapungia watu mkono. Alipiga honi kila tulipokutana na baiskeli. Watoto walituandama. Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo ya maji aliuliza kwa sauti, "Mayu, hilo ndilo trekta jipya?" na mwenzake akamjibu, "Ni plau la matajiri hilo, lina viti." Mdogo wangu alilala chali nyuma ya pikapu na kujifunika kanga usoni hadi tulipofika.

Usiniulize nilivyojisikia. Bila kuvutwa na mtu, mama mdogo alisema. Sisi tulivutwa na ng'ombe wanne, na nusu ya wilaya ilituona.

Kesho yake nilianza upya, kitu kimoja kimoja. Niliitoa rejeta nikaijaza maji ya moto yaliyolowekwa ukwaju, nikaiacha usiku mzima, nikaimwaga. Ilitoka tope la kahawia, nikafurahi. Tukaenda hadi kilomita ya kumi na nne. Ikachemsha. Nikabadilisha mkanda wa feni. Ikachemsha. Nikaitazama feni kama nimeifunga kinyume, ilikuwa sawa. Fundi mmoja wa mjini, kijana aliyevaa miwani ya jua, aliinama chini ya boneti kwa muda wa kunywa soda nusu akatangaza kwamba hedi imepinda.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Uzoefu, dada."

Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikiwa imepinda au gasketi yake imeungua, hewa ya moto inaingia kwenye maji, na ukiwasha injini ikiwa imepoa utaona mapovu kwenye mdomo wa rejeta. Niliwasha, nikafungua kifuniko, tukakaa tunatazama. Maji yalitulia kama ya kwenye bakuli. Fundi wa miwani akasema mapovu mengine hayaonekani kwa macho. Mdogo wangu akamuuliza kama miwani ndiyo inayoyazuia. Hakurudi tena.

Niliibadilisha pampu ya maji. Ikachemsha. Krismasi ikapita. Tulikwenda misa kwa miguu, na jirani mmoja aliyetupita na baiskeli aliuliza kama ng'ombe wetu wamepewa likizo.

Siku mbili baada ya Krismasi tulisimama tena pale pale, kilomita ya kumi na nne, boneti wazi, mvuke unapanda. Sikuwa na kitu kingine cha kubadilisha. Nilikaa kando ya barabara nikahesabu siku zilizobaki kabla ya mwezi wa kwanza, na kwa mara ya kwanza nikafikiria kupanda basi tu, nikaage kama wageni wanavyoaga. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya gari. Alikuwa anaipapasa rejeta kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayepima homa.

"Dada, huku chini ni baridi."

"Acha utani."

"Njoo ushike. Juu pameungua, chini ni baridi kama mtungi."

Nilinyanyuka nikashika. Ilikuwa kweli. Injini ilikuwa inachemka kama sufuria ya maharage, na rejeta, ambayo kazi yake ni kupokea yale maji ya moto na kuyapoza, ilikuwa baridi kuanzia katikati kwenda chini.

"Basi imeziba," nikasema. "Lakini nimeiosha."

"Kama imeziba, mbona ukimimina maji juu yanatoka chini kama mto? Haijaziba. Maji hayaji huku." Akainua macho. "Yanakwenda wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo sikuwa nimejiuliza. Wiki zote zile nilitafuta kitu kilichoharibika. Sikuwahi kuuliza maji yanapita wapi. Sasa nina gereji yangu, ndogo, hapo hapo Kharumwa, na gari linalochemsha likiletwa kitu cha kwanza ninachofanya ni kuipapasa rejeta juu na chini kwa mgongo wa mkono. Wateja hudhani ni utaalamu wa chuo.

Nilimpigia simu yule mzee, huko Ushirombo. Nyuma yake makarasha yalikuwa yanapiga, ikabidi tupige kelele wote wawili.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, binti! Gari inatembea au bado mnafugia kuku?"

Nikamweleza yote, na mwisho nikamweleza ubaridi wa chini.

"Kizibo changu kipo?"

"Kizibo gani?"

"Cha mti. Nilichokipiga kwenye ule mdomo mdogo, ubavuni mwa hedi."

Nilikikumbuka. Nilikikumbuka mkononi mwangu, kimeloa, cheusi, nikakitupa pamoja na vipande vya tairi, kisha nikatafuta mpira mzuri na klipu mbili mpya na kuunganisha ule mdomo na pampu kama ulivyokuwa zamani.

"Nilikitupa, mzee. Nilidhani ni uchafu wa mwaloni."

"Lo! Umetupa kizibo changu!" Alicheka mpaka akakohoa, kisha akawa mkali. "Sikiliza. Injini ile ina njia mbili za maji. Moja fupi, yanazunguka humo humo ndani ya injini, ili ikiamka asubuhi ipate joto haraka. Nyingine ndefu, inapita kwenye rejeta. Kuna kidude cha shaba pale kooni, thamostati, ndicho kinachoamua. Maji yakipata moto, kinafungua ndefu na kufunga fupi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Na hicho kidude kiko wapi?"

"Nilikitoa siku ya kwanza ilipofika karashani. Sote huku tunavitoa. Nani anataka injini ipate joto, na jua hili? Lakini ukikitoa lazima uzibe njia fupi, la sivyo maji ni wavivu kama watu, yatapita pafupi siku zote. Nikaziba kwa mti. Wewe ukazibua."

Nilikuwa nimeisafisha injini ya baba kwa upendo wote niliokuwa nao, nikairudishia kila kitu ilichokuwa nacho zamani isipokuwa kile nisichokijua, nikaondoa kitu pekee kilichokuwa kikiilinda. Nikamwambia mzee hivyo hivyo.

"Usinune," akasema. "Hata baba yako alinitukana siku alipoona kile kizibo. Alisema nimeitia injini yake mguu wa bandia. Chonga kingine. Mti mgumu, ulio mkavu. Na ukifika Kahama tafuta thamostati, uache ushamba."

Nyumbani kulikuwa na mpini wa jembe uliovunjika. Mdogo wangu aliukata, mimi nikauchonga kwa kisu, nikaupima kila mara hadi ulipoingia kwa kubishana. Nikaupiga kwa nyundo mara tatu na kuukaza kwa klipu. Kazi yote haikuzidi saa moja. Tukawasha, tukaondoka. Kilomita ya kumi na tatu. Kumi na nne. Mdogo wangu alikuwa ameushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Ya ishirini tulisimama kwa hiari yetu, nikaenda kushika rejeta chini. Ilikuwa ya moto hadi ikanichoma, na nikacheka peke yangu barabarani nikiwa nimeweka vidole mdomoni.

Songwa tulifika tarehe za mwisho za mwaka, jua likiwa limeanza kulala upande. Mama mdogo alitoka na mwiko mkononi. Hakutusalimu kwanza. Aliizunguka pikapu, akatazama mbele kama kuna kamba, akatazama nyuma.

"Imezimika mara ngapi?"

"Mara moja, Kahama. Tulizima wenyewe, tukanywa chai."

"Sikuuliza chai." Akafungua mlango akaingia, mwiko bado mkononi. "Nipeleke dukani."

Nilimpeleka dukani nikamrudisha. Hakununua kitu. Tulipofika alishuka akasema, "Baba yenu naye alikuwa anakanyaga breki hivyo hivyo, mpaka mtu unagonga kichwa." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nilielewa kwamba alikuwa amelisahau lile neno la stendi, na kwamba sasa alikuwa amelikumbuka, na hakutaka kulirudisha nyuma.

Kitinda mimba wetu alikuwa amesimama kizingitini. Alikuwa na miaka minane na miguu mirefu ya mama. Niliyembeba mgongoni miaka mitatu alinijia amefunga mikono nyuma, akainama kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikasema, kwa sababu hakuna jibu lingine. Jioni ile alimwita mama mdogo "mama" mara nyingi, na kila mara mama mdogo alinitazama kama anayeomba radhi. Tulipokuwa tunakula akamwambia mtoto waziwazi, mbele yetu, kwamba ana nyumba mbili na inabidi aende kwenye moja. Mtoto alitafuna kwanza akamaliza.

"Kule kuna shule?"

"Ipo," nikasema. "Unaiona ukiwa uani."

"Nitalala na nani?"

"Na mimi. Mpaka utakaponichoka."

Alifikiria. Kisha akanyanyuka kwenda ndani, akarudi na viatu vyake vya shule, akaviweka mlangoni, vidole vikitazama nje. Mama mdogo akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Asubuhi tulipakia begi moja na godoro. Mtoto alikaa katikati yetu. Mama mdogo alikuja upande wangu, akashika mlango, akaanza kunieleza. Mlenda hali, nisimlazimishe. Radi ikipiga anajifunika kichwa, nimwache tu, atajifunua mwenyewe. Jino la juu linatikisika, nisilivute. Kidonda cha goti kimepona lakini anapenda kukibandua. Niliwasha injini, nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole nikidhani atauachia mlango. Hakuuachia. Alitembea nasi, mkono dirishani, akiendelea: akiumwa husema ana usingizi, hasemi anaumwa, nywele zake zinasukwa kwa mafuta ya nazi, si haya mengine, usiku anaongea, nisimwamshe.

Kwenda polepole namna ile, katika gia ya kwanza na bila upepo, ndicho kitu ambacho injini haikipendi. Mdogo wangu alinigusa paja na kunionyesha kwa macho. Mshale ulikuwa umeondoka katikati na unapanda. Tuliipita nyumba ya jirani, tukaupita mti wa mwisho wa uzio, tukaingia barabara ya vumbi inayokwenda lami. Mama mdogo alikuwa amefika kwenye mambo ya shule, daftari gani limejaa na mwalimu gani anamwogopa, na viatu vyake vya plastiki vilikuwa vinapiga chini haraka haraka kando ya gurudumu.

Nikaondoa mguu kwenye mafuta, ili asikimbie. Mshale nikauacha uendelee kupanda.